Rangi Nyekundu Milangoni

Siku tatu nilikaa juu ya magunia ya mihogo mikavu, katika lori la mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka mashariki, tangu Musumba mpaka Kasaji. Tulilisukuma mchangani karibu sawa na tulivyolipanda. Kasaji nikangoja treni siku mbili zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti cha sekondari ndani ya shati, na ile hamu ya kuona mahali pengine ambayo hata leo, nimepita arobaini, hainiachi nitulie.

Kolwezi nilipata kazi ya kupiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya zoni, ndiyo wilaya, na chumba kwa mama mmoja wa Kasai. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Alipokufa, jina lake lilifutwa kwenye orodha ya kambi, na tangu siku ile mlinzi wa robine, mfereji wa maji wa kambi, akamnyima mama maji. Mama aliuza mikate ya kukaanga. Kila alfajiri alishuka mtoni na goti lake bovu, akarudi na ndoo kichwani, ndipo akakanda unga.

Kwa hiyo wanafunzi wanne wa chuo kikuu walipofika kutoka Lubumbashi, wakati wa kiangazi, kuisaidia zoni kupanga mahali pa robine mbili za watu wote, nilifurahi kuliko mtu yeyote. Mabomba yalikuwa yamelala nyuma ya ofisi. Komisaa, mkuu wa zoni, alitaka kitu kimoja tu: orodha ya nyumba zenye namba. Nikaambiwa nitembee na wanafunzi. Hawakuwa na rangi ya kuandikia, nami nikawatafutia katika depo, ghala la ofisi, nikapata kopo moja, nyekundu. Siku mbili tukaandika namba milangoni mwa mtaa wetu wote.

Asubuhi ya tatu milango ilikuwa imekwanguliwa. Watu walifunga magodoro kwenye baiskeli. Mzee mmoja yeye alikuwa ameongeza namba kwenye banda la kuku.

"Hii nayo ni nyumba?" mwanafunzi akamuuliza.

"Iko nyumba, sitwayeni," alijibu, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza. "Mi nalala humo na kuku. Mukikuja kubomoa, mutalipa mbili."

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa kizingitini na kisu, anamalizia kukwangua namba yake.

"Mama, ni ya maji!"

"Maji? Kule karibu na shimo ya mugodi baliandika vile vile, na nyekundu. Kisha mashine ikakuja kubomoa. We unakula kwangu kila siku, sahani moja na mi. Ulishindwa kuniuliza?"

Baadaye nikajua kwamba lile kopo lilibaki depo tangu kazi hiyo hiyo ya kubomoa.

Tukaanza upya, bila rangi, kwa daftari tu, mama ametangulia kubisha hodi. Alikuwa amenuna, lakini alikuja, na kwa sababu yake watu walifungua. Tulimaliza barabara mbili. Komisaa hakungoja ya tatu.

"Naona milango bila namba," alisema. "Watu wanaokataa maendeleo siwabembelezi."

Mabomba yakapelekwa mtaa wa makarani na walimu, ambako namba zilikuwapo tangu zamani, na ambako wengi walikuwa na maji uani. Mwanafunzi mmoja alibisha mpaka akatolewa ofisini. Watatu waliandika ripoti, nikaipiga mimi. Nilipofika mahali paliposema kwamba wananchi walishiriki kwa moyo mkunjufu, nikaondoa vidole kwenye mashine.

"Ni namna ya kuandika tu, mukubwa," mmoja akaniambia. "Profesa akisoma kwamba tulifukuzwa, atatufukuza na yeye."

Nikaipiga. Hilo bado linaniuma kuliko rangi.

Robine zilifunguliwa Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya lazima ya umma. Tulikata majani, tukaimba, tukapiga makofi. Mama alikwenda na ndoo, akarudi nayo tupu. Mlinzi wa robine mpya alimuuliza namba ya nyumba yake. Wasio wa mtaa ule hawachoti.

"Nimuambie namba gani?" akaniuliza. "Nilikwangua na mukono yangu."

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wote. Nikapiga karatasi inayosema kwamba mama huyu anakaa katika mtaa ule, nikamchagulia nyumba kwenye orodha, nikachukua muhuri wa komisaa kwenye droo, nikaugonga. Kwa kosa kama hilo mtu alifungwa bila kuulizwa maneno mengi. Sanduku langu nilikuwa nimeshalifunga.

Nikamsomea mama ile karatasi mlangoni. Akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Sanduku aliliona, wala hakuniuliza ninakwenda wapi.

"Ni ya ndoo ngapi?"

"Haikuandikwa, mama."

"Basi mbili," akasema, akaingia ndani kutafuta ya pili. Nami nikashika barabara ya Likasi.