Wakwe Kwenye Chupa za Maabara

Saa tatu asubuhi. Nyuma ya kioo, barakoa usoni, glovu mbilimbili mikononi, mkemia anainamia kisahani cha plastiki chenye vishimo na kukisihi: "Mama mkwe, usiniaibishe leo."

Mama mkwe mwenyewe, mwenye nyama na damu, yuko kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, amenuna.

Kazi ya mkemia huyu ni kuunda kemikali ambazo hazijawahi kuwepo duniani, kisha kuzipambanisha na vijidudu vya kifua kikuu. Kila kemikali hupewa namba ndefu.

"Namba hazinikai kichwani," anasema. "Nikazipa majina ya wakwe, kwa tabia zao."

Shemeji iligoma kuyeyuka kwenye maji. "Haichangamani na watu." Wifi iliua vijidudu vyote, kisha ikazigeukia chembe za ini, zinazopimiwa kama dawa ni sumu kwa mtu, nazo ikazimaliza.

Siri ilikaa salama mpaka mumewe aliporopoka mezani. Mama mkwe akavaa viatu: anataka kuona anavyotendewa humo chupani.

Ana sababu nyingine. Alipougua kifua kikuu alimeza vidonge miezi na miezi, akachoka, akaanza kuvifukia kwenye chungu cha maua. Ugonjwa ukarudi na hasira.

"Ua likanawiri," anasema, "mimi nikalazwa."

Mkuu wa maabara ameshatoa neno: Mama Mkwe ikishindwa leo, ukoo mzima unafungiwa kabatini, na mkemia anahamishiwa kupima sabuni.

Vishimo vikigeuka waridi, vijidudu viko hai. Vikibaki buluu, vimekufa.

Buluu. Buluu. Buluu tupu. Anavuta kisahani cha pili, cha chembe za ini. Zote nzima.

Anavua glovu, ananawa, anatoka mbio.

"Haya, mwanangu. Nimeua?"

"Umeua, mama!"

"Na ini?"

"Hukuligusa."

"Kamwambie wifi yako." Mama mkwe ananyoosha mgongo. "Sasa naingia dukani?"

"Bado, mama. Kwanza unaingia kwa panya."

"Panya! Mimi?"

Mlinzi wa mlangoni anageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Baada ya panya bado kuna safari ndefu, na Mama Mkwe inaweza kukwama popote. Mkemia anajua. "Natafuta dawa inayokwisha kabla mgonjwa hajachoka," anasema.

"Na kidonge kiwe kidogo," mama mkwe anadakia. "Chungu cha maua bado ninacho."