Kopo la Jumamosi

Siku tuliyomzika mama yangu, mtani wetu aliingia chumbani kwake, akafungua sanduku lake, akatoa kopo la biskuti nililokuwa nimelificha chini ya vitenge, akaenda nalo mkekani kuwagawia waombolezaji. Mimi nilikuwa uani nachota maji. Niliporudi kopo lilikuwa tupu, watu wanapangusa makombo kwenye vidole na kusema kweli marehemu alikuwa na mkono wa kupika.

Naandika haya nikiwa nimekasirika, niseme mapema. Wapo watakaoniambia hasira hasara. Hasara nimeshaipata, kwa hiyo hasira niachieni.

Mtani huyo ni mama mtu mzima, Mzaramo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Kanyenye. Aliletwa Tabora na mumewe aliyefanya kazi reli, mume akafariki, yeye akabaki. Sisi ni Wanyamwezi. Utani wetu na Wazaramo ni wa tangu babu zetu walipobeba pembe na mizigo ya watu hadi pwani, wakafika kwao wamechoka, wakalala, wakala, wakaoa. Mtani haalikwi wala hafukuzwi. Kwenye msiba ndiyo kabisa: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anachukua anachotaka, na wewe mfiwa huruhusiwi kununa. Ukimkasirikia unatozwa faini. Nilikuwa nayajua hayo yote tangu utotoni na niliyapenda sana, kwa sababu yalikuwa yanatokea kwenye misiba ya watu wengine.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, kuukuu, rangi imebabuka. Baada ya baba kufariki, mama aliishi peke yake, na mimi nafanya kazi ofisini Isikizya, nje ya mji, na ninakaa hukohuko. Kila Jumamosi nilikwenda kumwona. Nilikuwa nakuta ameshakanda unga wa ngano na siagi na asali, ile nyeusi inayotoka misituni, pamoja na karanga alizokaanga na kuzitwanga mwenyewe, na iliki kidogo. Hakuwa na jiko la kuokea. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sahani ya bati juu ya mchanga, akapanga biskuti, akafunika, makaa mengine chini, mengine juu ya mfuniko. Kila biskuti aliigandamiza kwa uma ikabaki na mistari minne. Hakutazama saa. Alijua zimeiva kwa pua.

Wakati zinaiva tulipika chakula cha mchana pamoja. Ugali, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyoyaunga kwa karanga. Pengine maharage. Hakuna kilichotoka dukani zaidi ya chumvi na mafuta. Makopo ya namna hiyo yalikuwa mawili: jioni narudi kwangu na moja limejaa, Jumamosi inayofuata namrudishia tupu.

Nilikuwa na neno moja nililomwambia mara kwa mara, na nililisema kwa upendo, naapa. "Mama, siku nikikuta jiko limelala, siku hiyohiyo nakubeba nakupeleka Isikizya." Yeye alikuwa hataki kusikia habari za Isikizya. Alikuwa na mpera wake uani, msikiti wake wa karibu, shoga zake wa miaka arobaini, na choo alichokijengesha kwa fedha za kuuza mihogo. Alinijibu, "Jiko langu halilali." Nami nikaridhika, kwa kuwa kopo lilikuwa linajaa.

Miezi saba ya mwisho mambo yalibadilika kidogo. Nikifika nakuta chakula kimeshaiva na kimefunikwa. Nikiuliza kwa nini hakunisubiri, mama ananiambia nimechoka na kazi, nikae. Hakunipakulia tena. "Jipakulie, wewe si mgeni." Akawa anakula kwa kijiko, anasema ukucha unamuuma. Mikono anaiweka ndani ya kanga hata jua likiwa kali. Siku moja maharage yalikuja na nazi. Mama hajapata kupika maharage ya nazi maishani mwake, alikuwa anasema nazi ni ya watu wa pwani wasiojua karanga. Akasema ameonjeshwa na jirani, ameipenda. Na biskuti zikaacha kuwa na mistari ya uma. Zilikuja na shimo la dole gumba katikati. Nikasema, "Mama, siku hizi una mitindo." Akacheka.

Huyo mtani alikuwepo kila Jumamosi. Amejilaza mkekani, ananuka moshi, anakula chakula cha mama yangu mikono miwili na kututukana. "Nyie mmebeba mizigo mpaka vichwa vikawa bapa, ndiyo maana akili zinateleza." Nilikuwa nacheka kwa adabu, lakini moyoni nachukia. Mzee wangu anahangaika jikoni, huyu anakuja kumlia.

Basi mama alifariki Jumanne, presha, ghafla. Jumatano alfajiri, kabla watu hawajajaa, niliingia jikoni kwake nikakuta kopo kwenye kabati, limejaa. La Jumamosi ambayo hakuifikia. Nilikaa chini sakafuni. Nikatoa biskuti moja moja nikaingiza dole langu kwenye lile shimo, nikawa najiambia hapa ndipo dole la mama lilipokaa juzi. Nilikuwa na njaa, tangu jana yake sikuwa nimetia kitu mdomoni. Juu kabisa ilikuwepo moja mbaya, imepasuka, shimo limekwenda pembeni. Nikaila hiyo, harakaharaka, ili nzuri zibaki. Kisha nikaenda kulificha kopo sandukuni. Nilitaka kukaa nalo. Sikutaka mtu mwingine yeyote ale kazi ya mwisho ya mikono ya mama yangu.

Ndiyo hizo alizokuja kuzigawa.

Nilimkuta amesimama katikati ya wanawake, amevaa kitenge cha mama, kile cha sandukuni, anaiga mama anavyochechemea. Watu wanacheka na machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Kopo amelikumbatia kwapani.

"Marehemu alikuwa mchoyo," anawaambia. "Kaficha biskuti mpaka chini ya nguo za Idi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia ana roho ya fisi. Nilimwambia amemla mama yangu akiwa hai, na sasa anamla akiwa kwenye mchanga. Hata wapishi waliokuwa wanakoroga wali waliacha. Yeye aliliweka kopo chini taratibu, akakunja ncha ya kile kitenge mkononi, akasema neno moja tu.

"Faini."

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, aliniita pembeni. "Mwanangu, hapo umekosea. Mtani hakasirikiwi. Utatoa jogoo mmoja."

"Silipi, baba."

"Utalipa."

Sikulipa. Siku arobaini zote, kila nilipokuja Kanyenye, nilipita mbele ya mlango wake bila kumpa shikamoo, mimi niliyelelewa kusalimia hata wehu. Wanangu waliniuliza biskuti za bibi ziko wapi, nikawaambia zimeliwa na Mzaramo. Nilijaribu kuzipika mwenyewe kwangu, mara tatu. Mara ya kwanza ziliungua chini, mara ya pili zikawa tope, mara ya tatu nikamwaga unga wote jalalani na kuipiga teke sufuria. Sikuwa nimejifunza kwa mama. Kwenye ugali nilisaidia, lakini kwenye biskuti nilikuwa nakaa tu nasoma simu, nangojea kopo lijae. Hilo nalo nikamhesabia mtani, sijui kwa hesabu gani.

Siku ya arobaini tulisoma hitima nyumbani Kanyenye. Baada ya dua zikapitishwa chai na sinia. Sinia lilifika kwangu nikanyoosha mkono bila kutazama, na dole gumba langu likatumbukia ndani ya shimo.

Nilitazama. Biskuti za asali na karanga, zina iliki, kila moja na shimo lake katikati. Mama yangu alikuwa na siku arobaini kaburini.

Nilinyanyuka na ile biskuti mkononi nikaenda mlango wa pili. Mtani alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, anaondoa makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Sufuria ya mama. Mchanga wa mama.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa mdomo umezoea.

"Marahaba, mla mlenda. Umeniletea jogoo?"

"Hizi kapika nani?"

"Kwani macho yako ni ya kusomea mafaili tu?"

"Nakuuliza, mama. Na zile za kila Jumamosi?"

Aliweka koleo chini. Akaniambia ni tangu mvua zilipoanza. Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka, kikombe cha chai kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Kukanda hawezi, kushika kisu hawezi. Yeye mtani ndiye aliyekuwa anakuja kila Jumamosi asubuhi, anapika ugali na mboga na kuoka biskuti, mama amekaa kwenye kiti anamwelekeza na kumtukana. Ule uma ulimshinda, kwao wanatumia dole. Ile nazi kwenye maharage ilimponyoka kwa mazoea. "Mama yako alinisema siku nzima. Akaniambia nitamponza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo na yeye alikuwa nalo.

"Ungembeba," akasema. "Kubeba ndiyo kazi yenu." Ulikuwa utani, lakini hakucheka. "Aliniambia, mwanangu anakuja Jumamosi kunikagua. Kopo likijaa anaridhika, anaondoka, nami nabaki nyumbani kwangu."

Kunikagua. Kazini kwangu ndicho ninachofanya, nakagua vitabu vya vijiji. Nikakumbuka kwamba kila Jumamosi, kabla sijakaa, kabla sijavua viatu, nilikuwa nafunua kwanza kifuniko cha kopo. Nilidhani ni ulafi. Mama yangu alikuwa amekaa pale, mikono kwenye kanga, anasubiri matokeo.

Nilikasirika upya. Nilimwambia walinidanganya, wote wawili, miezi saba, kwamba ningempeleka hospitali, ningetafuta msichana wa kazi, ningekuja hata katikati ya wiki. Mtani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tulikudanganya," akasema. "Na hospitali alikwenda. Nilimpeleka mimi. Na zile biskuti za msibani nilizigawa kwa sababu chakula cha marehemu hakifungiwi sandukuni kikaota ukungu, na kwa sababu nilipika mimi. Isipokuwa moja."

"Moja ipi?"

"Ile Jumatatu ya mwisho tulioka mapema, nilikuwa na safari ya Jumamosi, naye akasema leo anataka kupiga dole mwenyewe. Nikamshika kifundo cha mkono ili usitetemeke. Akapiga moja, ikapasuka, shimo likaenda pembeni. Akacheka sana. Akasema iweke juu kabisa, mwanangu akifunua aione hiyo kwanza." Alichokonoa makaa kwa ncha ya koleo. "Siku ile nilipokuwa nagawa niliitafuta nikuwekee. Sikuiona. Nikadhani nimempa mtu bila kutazama. Ndiyo maana uliponitukana sikusema kitu."

"Niliila mimi," nikamwambia.

Akainua uso. "Alhamdulillahi. Ilikuwaje?"

Ningeweza kumwambia ilikuwa tamu. Ndicho alichotaka kusikia, na pengine alistahili. Lakini siku hiyo uongo wa biskuti ulikuwa umenitosha.

"Sikuionja," nikasema. "Niliimeza tu. Nilichagua ile mbaya ili nzuri zibaki."

Mtani akaokota koleo lake, akageukia sufuria.

"Basi faini ni majogoo wawili," akasema.

Nilikwenda sokoni saa hiyohiyo, na nguo zangu za hitima. Njia nzima nilijaribu kuikumbuka ladha yake. Nilikumbuka tu kwamba ilikuwa kavu, na kwamba nilikuwa na haraka.