Nesi Agripina na Chupa Iliyofunguliwa

Nesi Agripina wa zahanati yetu hapa Mkumbi ni mtu wa Tabora, na kulima hajui. Nasema hivyo huku nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na ndugu zangu wanalijua hilo.

Mwaka ule wa korona alianza kuvaa barakoa. Weee! Akina mama wakakata shauri kwamba aliyejifunika mdomo ndiye mgonjwa, la sivyo anaficha nini? Siku ya kliniki wakawa wanapita njia ya chini kuikwepa zahanati, watoto mgongoni, nesi kakaa peke yake na ndoo yake ya maji ya kunawa. Mkwe wangu Hilaria alikuwa wa kwanza kukimbia. Erasmo wake katimiza miezi tisa, umri wa sindano ya surua, na surua imeshaingia kijiji cha pili. Nikimfokea ananijibu, "Mama, unataka mtoto aambukizwe?" Nilikuwa silali vizuri kwa hofu.

Msimu wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani yaliyozungukwa na matuta, ukafika. Wanaume walishafyeka majani na kuyalaza miraba shambani kwa Hilaria, na sisi wanawake tukaja kuyafukia, kila mmoja na jembe lake, watoto wamelazwa kivulini kwenye kahawa. Mara tukamwona nesi anapanda mlima, barakoa usoni, jembe begani, kisanduku cha barafu mkononi.

"Shikamooni, mama zangu. Nimekuja kulima."

Akalima! Penye kutakiwa shimo akaweka tuta, penye tuta akachimba shimo. Tulicheka mpaka Otilia akakaa chini akishika mbavu. Lakini hakuacha, alikwenda nasi hadi mstari wa mwisho, viganja vimemtoka malengelenge.

Sasa kwetu kulimiana ni zamu. Aliyeshika jembe shambani kwako huwezi kumnyima akikuomba.

"Hilaria," akasema, "mimi sina shamba. Zamu yangu nilipe kwa Erasmo."

Hilaria akanitazama. Nikamtolea macho. Akamleta mtoto.

Nesi akanawa, akachanganya dawa, akamchoma. Erasmo akapiga yowe moja, akanyonya, yakaisha. Moyo wangu ukatua. Nikaona chupa bado ina dawa nyingi.

"Na hiyo iliyobaki?"

"Ikishachanganywa hailali, Mama Kunigunda. Jioni naimwaga."

"Unamwaga dawa?" Otilia akaruka. Huyo hata ukoko wa ugali hautupi. "Hebu subiri kwanza!" Akaenda kumchukua binti yake mdogo kivulini, na wenzake nao wakawaleta wao, kila mmoja ananung'unika kuhusu uharibifu. Nesi anachoma, mabega yanamcheza kwa kicheko ndani ya barakoa.

Mdogo wangu Ephrasia peke yake alikuwa amemwacha mjukuu wake Aurelia nyumbani. "Kalala," akasema. "Nitamleta kesho zahanati."

Akampeleka kweli, simsingizii. Lakini chanjo zilikuwa zimekwisha, na gari la kuzileta kutoka mjini halikuja, wiki na wiki, kwa sababu ya korona hiyohiyo. Nesi alipiga simu mpaka sauti ikamkauka.

Surua ikatukuta hivyo. Erasmo haikumgusa. Aurelia ilimlaza. Nesi mwenyewe ndiye aliyempakata kwenye bodaboda hadi hospitali ya Litembo, na akakaa naye huko mpaka homa ikashuka. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Jicho la kushoto halioni.

Ephrasia hakulia mbele ya watu. Ila siku hizi, kila siku ya kliniki, anawahi barazani kabla nesi hajafungua mlango, na mgongoni kabeba mtoto wa jirani yeyote aliyesema atakuja kesho.