Majibu ya Kukaririshwa

Fundi cherehani alimpata binti yake baada ya kuhangaika miaka tisa, kwa mimba ya kupandikizwa hospitalini. Nje ya hospitali, aliyeijua siri hiyo ni mumewe tu. Kila mwaka muuguzi alikuja nyumbani kufuatilia watoto waliopatikana kwa njia hiyo: wanakua vipi, wanasema nini, wanapanga vibao vingapi vya kuchezea bila kuviangusha.

Mtoto alitimiza miaka mitatu, na maneno yake bado ya kuhesabu kwa vidole. Mama akaingiwa na baridi. Watu wa hospitali wakisema haya ndiyo matokeo ya kulazimisha mimba, uso atauweka wapi? Akazikumbuka picha alizoonyeshwa mtoto mwaka uliopita, akazichora kwenye mabaki ya karatasi za kukatia nguo, akamkaririsha mwezi mzima.

Siku ilipofika, muuguzi aliinua picha ya kwanza. Mtoto akafyatuka: "Paka, kiatu, ndoo, ndege, kijiko!"

Picha ilikuwa ya kijiko.

"Dada," muuguzi akasema polepole, "nani kamfundisha?"

"Mimi." Mama alitamani ardhi immeze. "Niliogopa utaandika ana kasoro kwa sababu ya nilivyompata."

Muuguzi hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikwenda nyuma ya mtoto, akamwita. Kimya. Akamwita tena. Mpaka alipopiga makofi kwa nguvu ndipo mtoto akageuka.

"Huyu hasikii vizuri. Mwaka jana si uliniambia akiitwa anaitika?"

"Nilikudanganya."

Mama na baba walimpeleka hospitalini, na daktari alikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio. "Hii huwapata watoto wengi tu, hata waliopatikana kwa njia ya kawaida," alisema. "Ila mngemleta mapema."

Walipotoka, mume aliuliza, "Ulijua haitiki?"

"Nilijua, baba watoto."

Mume alimbeba binti yake, akatangulia.

Mtoto alitibiwa, na baada ya miezi michache alikuwa akiongea kama redio. Wateja wakija kupima nguo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alicheka nao, lakini moyoni mwaka ule mzima aliomwibia mtoto ulimkaa kama mwiba.

Muuguzi aliporudi mwaka uliofuata, alijibiwa yote bila kufichwa: "Anauma wenzake. Rangi ya kijani haijui. Jana kavunja vikombe viwili."

Muuguzi akacheka huku akiandika. Mama aliendelea kutazama sakafu.