Mlango wa Seva na Kilio cha Baba

Nilijifunza kutengeneza tovuti kwa kompyuta ya mtumba, nyumbani kwetu mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, nikidhani tovuti ni kurasa basi. Unaandika, unapamba, unapandisha, watu wanaona. Kwamba kurasa hizo zinakaa mahali fulani, na mahali hapo pana msimamizi anayepokea wageni na kuwarudisha, hilo halikunihangaisha hata kidogo. Siku hizi nikimsikia mtu anayeanza kazi hii akisema mambo ya seva hayamhusu, damu inanichemka.

Msimamizi huyo ndiye mfumo wa uendeshaji. Kwenye kompyuta ya nyumbani unamjua kwa sura: picha za kubonyeza, rangi, kishale kinachotembea. Kwenye seva nyingi ni Linux, na Linux ya seva haina sura yoyote ya kukuchekea. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, anatii, kwisha. Ukimwamuru afute, anafuta. Hana habari na wewe.

Aliyenieleza hayo ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Ulaya. Ndiye aliyekodi seva, kwa sababu kadi ya benki ilikuwa yake, na neno la siri la kuingilia kwa mwenye mitambo, yaani kampuni inayokodisha seva, lilikuwa kwake pia. Aliniambia nifikirie nyumba yenye milango mingi, kila mlango na namba yake. Mmoja ni wa wageni wanaokuja kusoma. Mwingine, namba ishirini na mbili, ni wetu sisi wenye nyumba, wa kuingilia kwenda kurekebisha mambo. Na kuna ukuta wa moto, ambao kazi yake ni kuamua mlango upi uwe wazi na upi usiwe. Nilimwambia nimeelewa. Kuelewa ni neno jepesi sana.

Halafu baba akafariki.

Baba alikuwa mtu wa reli, mstaafu, na katika maisha yake yote sikumwona akiheshimu kitu kama komunike za vifo, yale matangazo ya misiba redioni. Zikisomwa, mezani hakuna anayetafuna kwa sauti. Alitaka kujua nani, wapi, siku gani. Sasa redio imebaki kwa wachache, na kilio, yaani msiba, kinatangazwa kwa WhatsApp, na WhatsApp mnaijua: huyu anasema mazishi Ijumaa, yule anasema Jumapili, wa tatu anamtaja marehemu mwingine kabisa. Baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa kilio, aliniita akaniambia nitengeneze ukurasa mmoja, neno moja, siku moja. Niliutengeneza nikilia. Picha ya baba, jina lake, misa na mazishi Jumamosi saa nne asubuhi. Juu kabisa, kwa herufi nene, niliandika kwa mkono wangu: msiamini habari nyingine, ukweli uko hapa.

Jumamosi ilichaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja, shangazi, dada pekee wa baba, anayeishi Kilwa, ile ya huku kwetu ziwani, si ya pwani. Katika ukoo wetu, kabla jeneza halijafungwa, dada ndiye anayemfunika kaka yake uso. Baba alikuwa ameshalisema hilo akiwa kitandani: anifunike dada yangu, si mwingine. Na njia ya kutoka Kilwa wote tunaijua ilivyo mbovu. Shangazi alipanda lori la samaki na shuka nyeupe kwenye mfuko, simu yake ikazimika, na tangu hapo kila nikipiga ni ile sauti ya mwanamke inayosema hapatikani.

Kaka naye alikuwa anakuja. Jumatano jioni, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, alichungulia seva akaona kwenye kumbukumbu zake watu wasiojulikana wakigonga mlango namba ishirini na mbili, wakijaribu majina hili na lile. Jambo hilo ni la kawaida, seva yoyote inagongwa hivyo usiku na mchana, na dawa zake zipo. Lakini kaka alizaliwa Lubumbashi. Mtu wa Lubumbashi akisafiri, anafunga. Anafunga geti, anafunga jiko, anafunga na kile chumba kisicho na kitu. Akaniandikia: nimefunga milango yote, nimeacha ule wa wageni tu, nikifika nitafungua. Nikamjibu vizuri, safari njema. Ukurasa ulikuwa umekamilika, niuguse tena kwa nini?

Ndege ilikuwa imesharuka baba mdogo aliporudi kutoka chumba cha maiti. Umeme ulikuwa umekatika huko, jenereta haikuwaka, na waliambiwa waziwazi kwamba baba hawezi kungoja Jumamosi. Akasema tutazika kesho, Alhamisi, asubuhi. Akanigeukia. Alisema nibadilishe ukurasa, kana kwamba ananituma chumvi dukani.

Nilikaa na kompyuta chini ya hema la kilio, wanawake wakiimba nyimbo za kanisa nyuma yangu, nikaandika amri ya kuingia. Kishale kikawakawaka. Kikawakawaka tena. Halafu ikaniambia muda umekwisha. Si kwamba ilinikataa. Ukikataliwa angalau kuna aliyekuona. Ukuta wa moto unakuacha umesimama hapo mpaka uchoke mwenyewe. Nilijaribu kwa simu, kwa mtandao wa jirani, kwa kompyuta ya mtoto wa baba mdogo. Nilikuwa na jina sahihi, nilikuwa na ufunguo sahihi, na mlango wenyewe haukuwapo. Kwa seva mimi nilikuwa sawasawa na wale wezi.

Na kwa wageni ilikuwa inafanya kazi vizuri ajabu! Nilifungua ukurasa kwenye simu, ukaja mara moja, baba anatabasamu, Jumamosi saa nne. Nilitamani seva iharibike. Nilitamani izimike kabisa, watu wakose habari, waulizane. Lakini nayo, hata kuizima, lazima kwanza uingie.

Njia nyingine ilikuwepo: kupitia kwa mwenye mitambo, kwa lile neno la siri la kaka. Kaka alikuwa juu ya mawingu, simu imezimwa, anakuja kumzika baba yangu.

Basi nikaandika WhatsApp. Niliandika kwenye vikundi vyote, mazishi yamesogezwa, ni Alhamisi, tafadhali. Unajua walinijibu nini? Walinitumia ukurasa wangu. Mmoja alinikemea kwamba familia imekataza uvumi. Nilipiga simu mpaka sauti ikakauka, na niliowapata waliniamini, lakini shangazi sikumpata. Nilijisikia mtupu, sina mikono.

Tulimzika Alhamisi. Mke wa baba mdogo ndiye aliyemfunika uso, akimwomba msamaha kwa sauti ya chini. Sikuweza kutazama.

Kaka alifika mchana. Nilimpokea uwanja wa ndege na alijua kabla sijafungua mdomo, kwa sababu nilikuwa na udongo kwenye viatu. Nyumbani aliketi kwenye kiti cha plastiki na koti lake la baridi ya Ulaya bado mwilini, akafungua kompyuta, akapitia kwa mwenye mitambo, akaandika mstari mmoja. Mlango ukafunguka. Mstari mmoja tu, jamani. Akanisogezea kompyuta bila kunitazama usoni, nikaingia, nikalifungua faili la ukurasa, ukurasa wenyewe ukiwa wazi pembeni, nikaweka kishale kwenye neno Jumamosi, kidole juu ya kitufe cha kufuta.

Hapo ndipo lori liliposimama getini.

Shangazi aliingia akiwa amechoka lakini ametulia, kama mtu aliyewahi. Alisalimia. Kisha akaona viti vikipangwa juu ya vingine na hema likiteremshwa upande mmoja, akasimama. Dereva wake, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, alikuja nyuma na mizigo na ndiye aliyeeleza. Walikuwa Kasenga, njiani, tangu jana jioni. Mtu fulani huko aliwaambia amesikia ni Alhamisi, na lilikuwepo gari dogo linaondoka usiku uleule kuja mjini. Shangazi akashika mfuko wake apande. Dereva, kwa wema, akafungua ukurasa kwenye simu yake akamsomea, na yale maneno ya juu pia. Shangazi akaweka mfuko chini, akalala.

Alikuja akaketi karibu yangu, mfuko wa shuka mapajani.

"Balimuzika?"

"Leo asubui, shangazi."

"Kwenye simu iko samedi, Jumamosi. Njo weye uliandika?"

"Njo miye."

"Sasa juu ya nini haukubadirisha?"

Ningemweleza nini? Ukuta wa moto, namba, mwenye mitambo? Kaka alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Nilimwambia mulango ilifungwa, nami nilibakia inje.

Alilia, bila kelele, akijifuta kwa upindo wa kitenge. Halafu akaigeukia kompyuta, akamtazama kaka yake anayetabasamu kwenye kioo, na akaona kidole changu kilipo.

"Uache vile," akasema. "Bantu benye batakuya samedi, batanikuta miye."

Niliondoa kidole. Yale maneno ya juu, yale ya ukweli uko hapa, nilitaka kuyafuta peke yake, na hayo pia akanikataza.

Jumamosi saa nne tulikuwa makaburini, shangazi mbele. Walikuja watu ambao sikuwategemea: wazee wawili wa reli kutoka Sakania, mwalimu wa kwaya, majirani wa zamani, wote wameuamini ukurasa. Hakuna aliyelaumu. Shangazi alichuchumaa upande wa kichwa, akaitandaza shuka juu ya udongo, akainyoosha pembe moja baada ya nyingine, taratibu, kama anatandika kitanda. Kaka alisimama kando yangu na lile koti mkononi. Shangazi aliinama mpaka mdomo ukakaribia kitambaa.

"Yaya," akasema, kama alivyozoea kumwita kaka yake mkubwa, "nilifika. Mulango njo ilikuwa ya kufungwa."