Kana Zilizonyooshwa

Mtaani walimwita Futi, na hakuna aliyempa jina hilo kwa chuki. Alikuwa fundi cherehani, na futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akiwa anakula. Angekuwa anapima nguo tu, sawa, ndiyo kazi. Lakini Futi alipima kila kitu. Kitanda kikae sambamba na dirisha. Vikombe vipangwe, mikono yote itazame upande mmoja. Mkewe akitundika pazia, yeye anarudi nyuma, anafumba jicho moja: "Mama watoto, kushoto pameshuka kidogo." Kidogo chenyewe hata mbu asingekiona! Mkewe analivuta pazia, ananyamaza. Miaka nenda miaka rudi ndoa ilikwenda hivyo, na Futi akaamini kwamba ana mke asiye na neno.

Mahali pamoja tu futi haikufika. Nyuma ya nyumba, pale yanapotokea maji ya bafuni, mkewe alipanda kana, yale maua yenye majani mapana kama ya mgomba. Zilijiotea ovyo ovyo, nyekundu imeipanda njano mgongoni, nyingine zimeegemea ukuta kama watu waliochoka na safari. Futi alipopita kando yake, kwa njia aliyoinyoosha mwenyewe kwenda kuanika nguo, alitazama juu asizione.

Basi binti yao, aliyeolewa mji mwingine, akajifungua mapacha. Mama mtu akafunga safari kwenda kulea. Akiwa na begi mkononi, akamwita mumewe kule nyuma.

"Kana zangu hizi. Zimwagie maji ya kusuuzia nguo. Shina likimaliza maua, likate chini kabisa, halitoi tena. Viwavi wanaokunja majani, watoe kwa mkono. Basi. Usiongeze kitu."

"Nimekusikia," akasema Futi. Kusikia alisikia.

Mwanzoni alifuata. Alimwagia, alikata, viwavi aliwatoa huku amekunja uso. Lakini nyumba ilikuwa kimya, kila kitu kimenyooka, na hakuwa na mtu wa kumwambia kushoto pameshuka. Alimkumbuka mkewe, na tuseme ukweli, hakutegemea kumkumbuka kiasi kile. Mwanamume huyu maneno matamu hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni mikono. Akataka jambo moja tu: mkewe akirudi, aone kazi aliyofanyiwa yeye peke yake, na afurahi.

Akaanza kwa kufunga uzi kila shina, uzi mwekundu kwa ua jekundu, wa njano kwa la njano, maana alijua akishakata majani hatatambua ipi ni ipi. Kisha akachimba zote. Mizizi ilikuwa minene, ina vifundo kama tangawizi, akaigawa kwa kisu, kila kipande kikibaki na jicho lake la kuchipua. Akavuta kamba, akapanda safu. Nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, nafasi sawasawa kama vifungo vya shati.

Jirani, mwanamke aliyekuwa shoga wa mkewe, akachungulia juu ya ukuta. "Shemeji! Mwenyewe kakutuma?"

"Ni zawadi."

"Haya. Mimi simo."

Kana hazina kinyongo. Zikachipua, zikanenepa, na mapacha walipoanza kutambaa huko kwao, huku safu zilikuwa zimewaka maua. Watu walikuja kutazama, na Futi akavimba kichwa, si utani.

Mkewe akarudi. Futi alimpokea begi na kumwongoza moja kwa moja nyuma, hata maji ya kunywa hakumpa. Mke akasimama. Akatazama safu ya kwanza, akatazama ya mwisho.

"Zimependeza," akasema. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

Futi alidhani ni furaha, maskini. Alipogundua siyo, akakasirika. "Nimekosa nini? Nimechubuka mikono kwa ajili yako!"

"Najua. Lakini nyumba nzima ni yako, baba watoto. Mapazia yako, vikombe vyako, hata mto ninaolalia unauweka sawa wewe. Hapa ndipo nilipokuwa napumua."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, unalipima na neno lenyewe."

Aibu ilimshika Futi, na hofu pia, kwa sababu mkewe hakuwa amepaza sauti hata kidogo. Akaenda kuchukua jembe. "Nionyeshe zilivyokuwa. Nitarudisha kila moja mahali pake."

Mkewe akacheka huku machozi yakimtoka. "Hazikuwa na mahali pake, wewe!"

Wakang'oa. Futi aliyakata yale maua kwa mkono wake mwenyewe, na iliuma. Mizizi ikajaa beseni. Mkewe akasimama katikati ya uwanja, akafumba macho, akaanza kuirusha, mmoja huku, mmoja kule, mmoja kisogoni. Ndivyo alivyopanda siku zote, na mumewe hakuwahi kujua.

"Chimba ilipoangukia," akasema.

Futi akachimba ukutani, akachimba karibu na mfereji, miwili ikapandwa ikigusana na yeye akauma midomo. Wa mwisho ulidunda na kukaa katikati ya njia iendayo kwenye kamba ya nguo.

"Huu umeangukia njiani, mama watoto."

"Nimeuona."

"Tutapitaje?"

"Tutazunguka."

Akaitazama njia ile, aliyoitengeneza mwenyewe, imenyooka toka mlangoni. Kisha akainama, akachimba pale pale.