Prosesa ya Bi Tausi

Watu wa Ngamiani wanapima kompyuta kama wanavyopima mchele: namba ikiwa kubwa, wameridhika. Jambo hilo linaniudhi tangu nianze ufundi wa kompyuta, na ndilo hilo hilo lililonipa mwanya wa kumdhulumu Bi Tausi. Nasema kumdhulumu. Nimejaribu maneno mepesi zaidi, hakuna lililotosha.

Bi Tausi ni mzaliwa wa Kigombe, mjane wa miaka sitini na moja, anakaa Makorora na binti yake Khadija. Kazi yake ni kuhariri video za harusi, tena si zote: zile za wanawake peke yao, bibi harusi anaposingwa kwa liwa na manukato, na ngoma za ndani ambako mitandio imewekwa kando na kila mtu anacheza apendavyo. Picha hizo mwanamume haruhusiwi kuzitia machoni. Mpigaji ni mwanamke, na mhariri ni yeye, chumbani kwake, mlango umefungwa. Ndiyo maana kila akiniletea kompyuta huwa ameshaichomoa mwenyewe kwa bisibisi diski inayotunza picha, ameiacha kabatini. Mimi napokea kasha tu, na yeye hana la kujaribia hapo dukani.

Mwezi wa Rajabu aliniletea kasha lile, feni inapiga kelele. Ndani mlikuwa na prosesa, ndiyo akili ya kompyuta, i5 ya zamani. Dukani nilikuwa na i3 ya umri huo huo, na zote mbili zinaingia kwenye tundu la aina moja. Nikasema, hebu nizishindanishe. Nikatia diski yangu, nikachukua video ya mechi ya mchangani, nikaipa kila prosesa kazi ile ile. Ile i3 ilitumia dakika kumi na tisa. Ile i5, kumi na mbili. Na kwa namba ya kasi i3 ndiyo iliyo juu, gigahezi 3.3 kwa 3.1! Lakini i5 ina sehemu nne za kufanyia kazi, mwenzake ana mbili tu, na kazi ya video inataka mikono mingi.

Ningeirudisha i5 mahali pake, mambo yangeisha hapo. Sikuirudisha. Niliitamani kwa mashine yangu mwenyewe, nikamtilia yeye ile i3, nikajiambia mama mtu mzima kasi yote hiyo ya nini. Alipokuja nikawasha, nikamwonyesha kwenye kioo.

"Umeona, Bi Tausi? Ilikuwa 3.1, sasa 3.3. Nimekutilia iliyo juu zaidi, hadiya."

Akanishika mkono, akaniombea dua ndefu. Nami, bila haya, nikaitikia amina.

Baada ya wiki tatu alirudi mikono mitupu, uso umemnywea.

"Sabiri mwanangu, ngoma inatangulia, picha inabaki nyuma. Nakata hapa, kumbe mkato umeangukia kule. Hebu n'ambie, kompyuta ina nini?"

Nilijua ina nini. Ningeweza kusema niletee niiangalie, nikairudisha ile i5 kimyakimya, na asingejua maisha yake yote. Lakini i5 ilikuwa imeshanikolea.

"Mashine ni nzima, Bi Tausi," nikasema. "Labda macho yako. Na mikono nayo, umri huo."

Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaondoka. Mimi nikaendelea na kazi. Hapo ndipo ninapojichukia kuliko pote, kwamba niliendelea na kazi.

Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, akaolewa Aliya, binti wa Bi Najla, na mumewe alikuwa anamchukua Maskati fungate ikiisha. Bi Tausi alikuwa na siku saba za kumaliza video. Hakumaliza. Aliya akasafiri bila hata picha moja ya kusingwa kwake, na Bi Najla akasema hadharani, penye shughuli ya watu, kwamba Tausi amezeeka na kazi sasa apewe mwingine. Mke wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Chakula kilinishinda.

Siku ya pili Bi Tausi akaja na bajaji, kasha limo ndani.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Nitafutie mtu mwenye haja na kompyuta hii nimpe. Miye basi."

Nikamvutia kiti. Nikasema yote: i5, i3, dakika kumi na mbili, dakika kumi na tisa, na lile neno nililomwambia kuhusu macho na mikono. Sikujitetea, nilichokuwa nacho cha kujitetea kilikuwa uchafu mtupu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Basi si miye?" akauliza.

"Si weye, Bi Tausi. Ni mimi."

"Macho yangu mazima? Mikono hii mizima?"

"Mizima."

Akacheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Hakuniuliza prosesa iko wapi.

"Khadija alijifungua Shaabani," akasema. "Mjukuu wangu wa kwanza. Sijampakata hata siku moja. Kila wakinipa namkataa, nawaambia mikono yangu haina uhakika tena, nisije nikamwangusha."

Akaliacha kasha pale kwenye meza yangu na kutoka upesi, akimwita yule wa bajaji amrudishe nyumbani kwa mjukuu.